Fundi Eliasi na Kamba ya Kisima

Eliasi amepiga goti mbele ya kabati la chuma, pembeni ya barabara ya vumbi. Kompyuta mpakato ameiweka juu ya paja la mguu wa pili. Waya mwembamba wa bluu unatoka kwenye kompyuta na kuzama ndani ya kabati, na kwa sababu tundu lake limelegea, ameushikilia kwa kidole gumba. Anaandika amri moja kwa mkono mmoja. Anabonyeza. Anasubiri. Mashine inajibu, naye anasoma jibu lote mpaka neno la mwisho, ndipo anaandika amri nyingine.

Nyuma yake, Mama Kabula anapuliza moto wa chai.

"Fundi, hiyo mashine unaongea nayo au unaiandikia mashtaka?"

"Naongea nayo, mama."

"Mbona sisikii ikijibu?"

"Inajibu. Ni mpole tu."

"Basi mmefanana. Kunywa chai, itapoa."

"Ikipoa ndiyo nitakuwa nimemaliza."

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Vuteni viti karibu. Jioni hii tunakaa na mtu ambaye hayupo tena. Huyo mliyemsikia akitaniwa na mama wa chai ni Eliasi Ndayiragije. Alikuwa fundi wa mtandao mjini Tabora. Alizaliwa Ulyankulu. Aliuawa kijijini Itobela, siku ya Alhamisi, mchana kweupe, akiwa kazini. Kwa aliyefungua redio sasa hivi, tunarudia. Eliasi Ndayiragije, fundi wa mtandao, aliuawa Itobela akiwa kazini. Chai yake ilikuwa bado ina moto.

Simulizi ya leo ina mambo ya kuumiza. Mwenye watoto wadogo karibu na redio, aamue mwenyewe.

Tuanze na kazi yake, maana wengi wetu tunautumia mtandao bila kujua unapita wapi. Kutoka Tabora mjini kwenda magharibi kuna waya umefukiwa ardhini. Unafuata karibu kabisa njia ya zamani ya misafara, ile iliyopitisha pembe, chumvi na watu waliofungwa shingo kwa shingo. Vijana waliochimba mtaro wa waya huo walikuta mnyororo, kutu tupu, pete zake bado zimeshikana. Waliuweka pembeni, wakafukia waya, wakaendelea. Waya unapofika kijijini unaingia kwenye kabati. Ndani ya kabati kuna mashine inayougawa: huyu apate, yule apate. Pale Itobela, maduka, mabanda ya kuonyesha mpira, zahanati, hata mnara mdogo wa simu, vyote vinapita kwenye kabati moja.

Mashine ile haina picha wala vitufe. Unaifungulia kioo cheusi chenye kimstari kinachopepesa, halafu unaiandikia. Nionyeshe milango yako. Nani yuko kimya? Mfunge huyu. Mfungue yule. Inatii papo hapo, hata ukikosea. Na ina tabia moja ambayo tunaomba muishike, maana tutairudia. Kila unachoiambia inakishika kichwani tu, mpaka uiandikie mstari wa mwisho: hifadhi. Ikizimika kabla ya mstari huo, inasahau yote ya leo na kurudi ilivyokuwa jana.

Eliasi alijifunza haya mwenyewe. Mwenzake wa kazi, Bi Najiat, tulimkuta ofisini kwao Kanyenye, juu ya duka la vitambaa. Meza yao ni moja. Upande wa Eliasi hajaugusa. Tulimuuliza Eliasi alikuwa fundi wa namna gani.

"Wa kukera," alisema Najiat, akatabasamu kidogo. "Mimi naandika amri kumi, nakwenda zangu kula. Yeye anaandika moja, anaikodolea macho. Na kabla ya amri ya hatari lazima afunge kamba. Lazima. Nilimtania mpaka nikachoka."

Kamba hiyo ndiyo tunataka kuwaeleza.

Baba yake Eliasi, marehemu mzee Raymundi, alikuwa mchimba visima Ulyankulu. Familia zao zilifika pale zikikimbia mauaji ya Burundi, na bibi yake Eliasi alifika na jeraha la panga kwenye fuvu, akaishi nalo mpaka uzeeni akilifunika kwa kitambaa. Walihitaji maji. Raymundi akachimba. Wachimba visima wana sheria moja. Anayeshuka anafungwa kamba kiunoni, na akiwa chini lazima aimbe. Akinyamaza, walio juu wanavuta. Hawaulizi. Hawabishani kama amechoka au amesahau. Wanavuta.

Siku moja Raymundi alinyamaza. Hewa ya chini ilikuwa imeharibika. Mama yake Eliasi, Bibi Eustadia, alikuwa kando ya kisima, na Eliasi alikuwa mgongoni mwake, bado ananyonya.

"Walimvuta kama gunia," alituambia Bibi Eustadia. "Mawe yalimchuna ngozi toka kiuno mpaka kwapa. Bega likatoka mahali pake. Alifika juu damu inamtoka puani, hajui hata jina lake. Mimi nikawatukana wale wanaume. Nikawaambia mmeniulia mume. Kumbe wameniokolea. Kovu lile aliwaonyesha wanawe wote. Anasema, tazameni, hili ni kovu la watu wanaonipenda."

Eliasi alikua akilitazama kovu hilo. Alipoanza kazi ya kuandikia mashine amri, alikuta nazo zina kamba. Unaweza kuiambia mashine hivi: nashuka kisimani, nisiposema neno ndani ya muda huu, jizime, uwake upya, urudi ulivyokuwa. Ukimaliza salama, unaifungua kamba na kuandika hifadhi. Ukijifungia mlango kwa makosa, mashine inakuvuta yenyewe. Muda wake Eliasi ulikuwa mmoja siku zote. Muda wa chai kupoa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tusimpambe marehemu. Mkewe, Jeska, ametuomba tusimpambe, na ametupa ruhusa ya kusimulia hili.

Mwaka juzi, kwenye kabati jingine la njia ile ile, wezi wa betri walimkuta Eliasi kazini. Walikuwa watatu. Mmoja alimkata kwa panga mkononi, chini ya kiwiko, nyama ikafunguka mpaka mfupa ukaonekana. Wanakijiji wakatoka. Wawili wakakimbia. Yule mwenye panga akakamatwa. Eliasi alikuwa amelala chini, mkono umefungwa shati, na kila kitu kilifanyika mbele ya macho yake. Walianza na fimbo. Wakaja na mawe. Kijana yule alikuwa anamtazama Eliasi, yeye tu, kama vile yeye ndiye mwenye neno. Eliasi hakusema. Akanyamaza mpaka yule kijana naye akanyamaza.

"Alirudi nyumbani akakaa siku nyingi hali vizuri," alisema Jeska. "Nikamwambia, baba Festo, alitaka kukuua yule. Akanijibu, najua. Lakini nilikuwa na mdomo. Hiyo tu. Nilikuwa na mdomo."

Hatumhukumu. Aliyelala chini anavuja damu hana deni la maneno kwa mtu. Lakini yeye mwenyewe aliona analo, na tangu siku hiyo, alipofika kijiji chochote, kabla hajafungua kabati, alikwenda kwa watu. Atasalimia. Atasema jina lake. Atakunywa chai ya mtu.

Twende Itobela.

Mwezi uliopita wezi walibeba betri zote za kabati la Itobela. Kesho yake umeme ukakatika. Mashine ikazimika. Mnara ukazimika. Kijiji kizima kikawa hakina simu. Siku hiyo hiyo mwanamke mmoja, Advera, alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya. Muuguzi wa zahanati alitaka kuita gari la wagonjwa. Simu haikutoka. Mume wa Advera alipanda baiskeli kutafuta mahali penye mtandao. Alirudi na gari. Advera alikuwa ameshafunikwa kanga, na mtoto amelazwa kifuani pake, wote wawili kimya.

Mumewe anaitwa Ngassa. Ndiye kamanda wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa Itobela. Tunarudia jina hilo: Ngassa, kamanda wa sungusungu, mume wa Advera.

Habari hiyo ilifika Kanyenye. Eliasi hakulala nayo vizuri. Betri mpya zilipelekwa, lakini yeye akaona betri peke yake hazitoshi. Zahanati ilikuwa inagombania chaji na mabanda ya mpira. Akapanga njia mpya. Umeme ukikatika, mashine ifunge kwanza maduka na mabanda, ibakize mnara na zahanati mpaka tone la mwisho la betri. Kazi yenyewe ni amri chache tu, lakini ili kuziingiza ni lazima Itobela yote izimwe kwa muda mfupi.

Alhamisi asubuhi alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa njiani kwenda kwenye mashamba ya tumbaku. Akamjibu, "Njoo tu fundi, hakuna tatizo." Akawaambia watu wawili aliokutana nao njiani. Ngassa hakuwa mmoja wao. Mwenyekiti huyo ametuambia jambo hili mwenyewe, na alipokuwa akilisema alishikilia kofia yake mikononi muda wote.

Eliasi akafika. Akaenda kwa Mama Kabula, ambaye banda lake la chai linatazamana na kabati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kutuzimia tena?"

"Nitawazimia kidogo. Kisha zahanati haitazimika tena."

"Useme kweli."

"Kweli, mama. Niwekee chai."

Akafungua kabati. Akaunganisha waya. Akafunga kamba yake: nikinyamaza, jizime, rudi ulivyokuwa. Akaizima Itobela. Kisha akachukua simu, akaandika ujumbe kwenye kundi la kijiji, lile la matangazo ya mikutano na misiba. Akabonyeza tuma. Akacheka peke yake.

"Unacheka nini?" akauliza Mama Kabula.

"Nimeandika ujumbe wa kuwaeleza watu kwamba mtandao haupo. Halafu nimeutuma kwa mtandao."

"Na wewe ndio fundi."

"Ndio fundi wenyewe huyu. Hautaenda sasa, lakini ukirudi tu utakuwa wa kwanza kuwafikia." Akaiweka simu ndani ya kabati, juu ya mashine, ili isianguke. Akarudi kwenye amri zake.

Ndipo filimbi ikalia.

Wasikilizaji wengi mnaujua mwano. Kwa asiyeujua: ni wito wa hatari wa huku kwetu, wa filimbi au ukelele. Mmoja akiupiga, kila anayeusikia anaupokea, anashika fimbo, anatoka mbio. Hakuna kubaki ndani. Hakuna kuuliza kwanza. Na asiyeitikia anahesabiwa yuko upande wa mwizi. Umeokoa ng'ombe wengi mwano huu. Umeokoa na watu.

Aliyeupiga ni Ngassa. Alikuwa anapita na baiskeli. Alitazama simu yake, haina mtandao. Akatazama mbele, kabati liko wazi, mwanamume amepiga goti amempa mgongo, mikono yake imo ndani ya nyaya. Alichokiona Ngassa pale, sisi hatukuwa machoni mwake kukijua. Tunajua kwamba msiba wa Advera ulikuwa haujafikisha siku arobaini.

Mwano ukapokelewa huku na huku. Mama Kabula akasimama. "Itikia, fundi," akasema. "Itikia na wewe."

Eliasi alikuwa ameusikia. Amekulia Ulyankulu, anaujua. Lakini alidhani ni wa mtu mwingine. Akasema bila kuinua macho, "Wamemwona mwizi huko. Mungu amsaidie huyo." Kidole gumba bado kimeshikilia waya. Amebakiza mstari mmoja.

Walifika toka pande zote. Fimbo, majembe, mapanga ya kukatia tumbaku. Haya tunayowasimulia tumeyapata kwa Mama Kabula, na watu wengine wawili wameyakubali.

"Inuka," alisema Ngassa.

"Habari za mchana, kaka."

"Nimesema inuka."

"Naomba kidogo, kaka. Nimebakiza mstari mmoja."

"Betri ziko wapi?"

"Zimo humu. Tazama mwenyewe."

"Nani kakutuma?"

"Kampuni. Na mwenyekiti nimempigia asubuhi."

"Mpigie tena sasa hivi, tumsikie."

"Sasa hivi mtandao haupo."

"Kwa nini haupo?"

Eliasi angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni umeme. Alikuwa mtu wa kujibu kama mashine yake inavyojibu.

"Nimeuzima mimi," akasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Jamani, amekiri mwenyewe."

"Jina lako nani?"

"Eliasi Ndayiragije."

"Hilo jina la wapi?"

"La Ulyankulu."

"La Burundi hilo," akasema mwingine. "Wamemaliza vya kwao, wamekuja kwa vyetu."

Mama Kabula akaingia katikati. "Huyu ni fundi. Namjua. Amekuja kututengenezea. Chai yake ile pale."

"Hata mwizi anakunywa chai, mama. Toka."

"Sitoki."

Pigo la kwanza lilimpata yeye. Mpini wa jembe, mkononi, mfupa ukavunjika na watu wakausikia. Mama Kabula ana umri wa kuwa mama wa wengi wa wale waliokuwa pale. Akaanguka juu ya moto wake, birika likapinduka, chai ikamwunguza miguu.

Eliasi akainuka kwenda kumwinua. Waya ukachomoka. Hapo wakampiga. Fimbo ya kwanza ilimpata shavuni, ikamfungua mdomo. Ya pili ikavunja mkono ule ule wenye kovu la panga. Akasema, "Nipeni muda kidogo, simu zenu zitalia." Alilisema hilo mara nyingi. Simu zenu zitalia. Meno yalipotoka maneno yakawa hayashikiki, lakini Mama Kabula anaapa alikuwa bado anasema lile lile. Wakamvuta miguu mpaka katikati ya barabara. Wakaleta mawe. Kuna aliyekwenda kutafuta tairi. Damu ilichanganyika na vumbi ikawa tope, na walioteleza kwenye tope lile walikasirika zaidi, kana kwamba yeye ndiye aliyewatelezesha.

Kisha akanyamaza.

Mmoja akiacha, mwingine anaanza. Pale hapakuwa na aliyeshika kamba.

Lakini kwenye kabati ilikuwepo. Mashine haikuwa imesikia neno la Eliasi. Muda wake ukafika. Taa zake zikazimika zote. Zikawaka moja. Zikawaka mbili. Ikajikagua polepole, mlango kwa mlango, kama kawaida yake, huku nyuma yake mawe yanaanguka. Ikarudi ilivyokuwa jana. Mnara ukaamka.

Na simu ya Eliasi, iliyokuwa juu ya mashine, haijaguswa na mtu, ikatuma ujumbe wake.

Simu zikalia, wasikilizaji wapendwa. Mfukoni mwa mwenye jembe. Kiunoni mwa mwenye panga. Kwenye baiskeli, kwenye mashati, kwenye vikapu vya walioshuhudia. Mmoja baada ya mwingine wakazitoa, kwa mazoea tu, kama sote tunavyofanya. Ngassa akaitoa yake. Kioo chake kilishika alama ya kidole chake, nyekundu.

Ujumbe tumeuona. Unasema hivi. "Ndugu zangu wa Itobela, mimi ni Eliasi fundi. Mtandao nimeuzima mimi kwa ajili ya kazi, mwenyekiti anajua. Nikionekana kwenye kabati msishtuke. Kuanzia leo simu ya zahanati haitanyamaza tena. Karibuni kwa Mama Kabula, chai yake nzuri."

Mama Kabula alikuwa chini, anaona miguu yao tu. "Niliona miguu inarudi nyuma," alisema. "Hakuna aliyekimbia. Wanarudi nyuma hivi, polepole. Jembe moja likaachwa chini. Halafu nikasikia Ngassa anapiga simu."

Ngassa alipiga namba ile ile ya gari la wagonjwa ambayo mwezi mmoja kabla hakuweza kuipiga. Safari hii ilipokelewa. Akasema, "Njooni Itobela. Kuna mtu tumemuua, lakini anapumua."

Wakati huo huo, Kanyenye, Najiat aliiona mashine ya Itobela ikirudi kwenye kioo chake. Imerudi na mipango ya jana. "Nikajua hapo hapo," alisema. "Eliasi haachi kamba ikavutwa. Hata mara moja hajawahi. Nikampigia."

Simu ya Eliasi ikaita ndani ya kabati. Ikapokelewa na mtu asiyemjua.

"Wewe ni nani yake?" sauti ikauliza.

"Nafanya naye kazi. Yuko wapi?"

"Njoo umchukue fundi wenu, dada," akasema Ngassa. Hakukata simu. Najiat alikaa na simu sikioni, anasikia watu, anasikia mama analia, mpaka aliposikia gari linafika.

Eliasi Ndayiragije alifariki njiani, kabla ya kufika mjini.

Kilichofuata kilikaribia kuwa kibaya zaidi. Ijumaa, vijana wa Ulyankulu walikusanyika nyumbani kwa Bibi Eustadia. Walikuwa na mapanga na madumu ya petroli. Pikipiki zilikuwa zinanguruma nje. Walisema Itobela italala majivu. Wengine walikuwa wamekua na Eliasi, wamecheza naye, na nani angewaambia hasira yao si halali? Bibi Eustadia alitoka nje, kitambaa kichwani, akaketi chini kwenye kokoto, katikati ya njia, mbele ya pikipiki ya kwanza.

"Mama, tupishe," wakamwambia.

"Piteni juu yangu."

"Mama, wamemuua kwa mawe."

"Najua walivyomuua. Nimemwosha mimi. Nyie mnataka nikaoshe na wengine?" Kisha akasema, "Mama mkwe wangu alikuja hapa na panga kichwani. Sitaki mtu mwingine akimbie kwake kama alivyokimbia yeye. Zimeni pikipiki, mkachimbe kaburi. Mnamchelewesha mwenzenu."

Mmoja akazima. Mwingine akazima. Wakaenda kuchimba, na walipokuwa wakichimba, yule aliyekuwa ndani ya shimo alikuwa anaimba.

Ngassa alikwenda mwenyewe kituo cha polisi siku ile ile ya Alhamisi, na damu nguoni. Aliweka filimbi mezani. "Ni mimi niliyepiga," alisema. Wengine wamekamatwa. Shauri liko mahakamani, na hapa redioni hatutaliendesha. Mama yake Ngassa anawalea watoto wawili aliowaacha Advera. Nao hawakupiga mtu.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole. Pole kwa Jeska na watoto wake, Festo na mdogo wake. Pole kwa Bibi Eustadia na jamaa wote wa Ulyankulu na Urambo. Pole kwa Najiat na mafundi wenzake. Pole kwa Mama Kabula, ambaye mkono wake bado uko kwenye plasta na miguu yake inapona taratibu. Na pole pia kwa nyumba ya marehemu Advera, maana msiba huu ulianzia huko.

Tukae na jambo hili kidogo kila mmoja kwake. Sisi ni watu wa kuitikia. Akilia mmoja tunatoka wote, na huo ni utu wetu, tusiuache. Ila kule Ulyankulu kuna watu walifundishana kwamba mwenzako akinyamaza chini, unavuta kamba. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, jiulize kama kijijini kwako yuko mtu mwenye sauti ya kusema ngoja kwanza, na kama akisema, utamsikia. Itobela wamekaa vikao viwili juu ya mwano. Bado hawajakubaliana.

Na kazi ya Eliasi haijaisha. Mashine ya Itobela ilirudi ilivyokuwa, kwa hiyo ilisahau yote aliyoiandikia siku ile. Mpaka jioni hii zahanati bado inagombania betri na mabanda ya mpira. Umeme ukikatika usiku wa leo, itanyamaza tena. Kesho asubuhi Najiat anakwenda. Amri amezipata kwenye kompyuta ya Eliasi, ambayo iliokotwa barabarani kioo chake kimepasuka. Mwenyekiti ameahidi kusimama pale kabatini tangu mwanzo mpaka mwisho, na safari hii kila nyumba imeambiwa.

Tulimuuliza Najiat kama anaogopa. Alisema ndiyo. Alisema ataandika amri moja moja, na atafunga kamba.

Mama Kabula naye atakuwepo. Amesema atawasha moto wake kwa mkono mmoja. Alipoonana na Najiat msibani alimwomba jambo moja tu. Akamshika kwa ule mkono mzima, akamwambia:

"Ukifika pale, mwanangu, usifanye kimya kimya kama yeye. Ongea. Niulize hata bei ya maandazi. Ongea na mimi mpaka umalize."